Poti za gitaa na mlio wa pikapu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mie natengeneza magitaa hapa Kisauni na karibu kila wiki mtu huja na gitaa mkononi na neno lile lile: fundi, pikapu zimekufa, nitafutie nyingine. Nafungua kile kibao cha plastiki, naweka multimita, pikapu ni nzima kabisa. Kasoro iko kwenye poti, vile vidude vya kuzungusha vya volume na toni ambavyo hakuna anayevijali, na bei yake haifiki hata robo ya pikapu mpya ya kuagiza. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana, nimeyajibu vile ninavyomjibu mtu aliyekaa hapo kwenye kiti akisubiri gitaa lake. Na nikisema pikapu hapa sio gari la kubebea mchanga, ni ile sumaku yenye koili chini ya nyuzi.

Poti ni kitu gani hasa?

Ukiipasua utaona utepe mweusi wa kaboni umepinda kama bangili iliyokatwa kidogo upande mmoja. Nje kuna miguu mitatu, wa kwanza na wa tatu imeshika ncha mbili za ule utepe, wa katikati umeshikana na ulimi mdogo unaotembea juu ya utepe ukizungusha nobu. Ukinzani toka ncha hadi ncha ndio ile namba unayosikia watu wakiitaja, 250k maana yake omu laki mbili na nusu, 500k ni omu laki tano. Kwenye volume, mguu mmoja wa pembeni unapokea sauti ya pikapu, wa pembeni mwingine unaenda ethi, wa katikati unaenda jeki. Kwenye toni sauti inapita kwenye poti, inafika kwenye kapasita, kidude kinachopitisha masafa ya juu na kuzuia ya chini, kisha ethi.

Nikifungua volume na toni mpaka 10, poti si zishatoka njiani? Mbona bado zabadilisha mlio?

Hazijatoka. Hili ndilo swali lenyewe, na ukilielewa hili mengine yote utajijibu mwenyewe, kwa hivyo nipe dakika mbili.

Volume ikiwa 10, ule utepe mzima bado uko pale, umeunganisha waya wa sauti na ethi. Yaani pikapu imebebeshwa mzigo muda wote. Toni nayo ikiwa 10 ni hivyo hivyo, kwa sababu kwa masafa ya juu kapasita ni kama waya mtupu, kinachobaki kuzuia ni ile poti peke yake. Sasa ukiwa na volume ya 250k na toni ya 250k, mizigo hio miwili ikikaa sambamba inakuwa 125k. Ongeza ampu, ambayo kwa kawaida mlango wake una mega 1, yaani omu milioni moja, unabaki na kama 111k. Ukiwa na poti mbili za 500k hesabu hio hio inakupa kama 200k.

Mtu atasema, lakini pikapu yangu nimeipima ni 6k tu, mzigo wa laki moja utaisumbuaje? Kwa besi ana haki, haisumbuki. Lakini pikapu ni maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kuliko unywele, na koili kadiri masafa yanavyopanda ndivyo inavyozidi kukataa umeme. Singo koili, yaani pikapu ya koili moja, yenye induktansi (kipimo cha huko kukataa) ya henri 2.5 hivi, ikifika hezi 4,000 haina tena 6k, inazuia kama kilo-omu 63. Hapo mzigo wa 111k inauhisi sana, na trebo, yaani sauti za juu, ndiyo inayoumia.

Alafu kuna jambo la pili. Koili ikikutana na kapasitansi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ile ya kwake mwenyewe ambayo ni ndogo pamoja na ya kebo ambayo ni kubwa, kuna mahali fulani kwenye masafa ambapo sauti inaruka juu kuliko pengine pote. Hicho kilele ndicho kinachofanya singo koili iwe na ule mlio wa kung'ata na humbaka, pikapu ya koili mbili, iwe na ule mlio mzito. Poti yenye ukinzani mdogo inakilaza kilele, yenye ukinzani mkubwa inakiacha kisimame. Ni kama mtoto kwenye pembea za Idd, akiburuta miguu mchangani pembea inaenda na kurudi kwa mwendo ule ule ila haipandi juu, akiinua miguu inapaa. Poti haihamishi kilele, inaamua tu kilele kiwe na urefu gani. Kinachokihamisha ni kapasitansi, na hio ntaieleza kwenye swali la kebo.

Basi niweke 250k au 500k?

Desturi ni singo koili 250k, humbaka 500k. Kampuni ya Fender wamezoea kuweka 250k kwenye Stratocaster, au Strat kwa kifupi, na Gibson wamezoea 500k kwenye magitaa yao ya humbaka, na sababu si uchawi. Singo koili tayari ni kali, mzigo wa 250k unaifuta ule ukali wa kuchoma sikio. Humbaka ina koili mbili zilizofungwa mfululizo, induktansi yake ni kubwa zaidi, kilele chake kinakaa chini, mara nyingi karibu na hezi 3,000, kwa hivyo ukiibebesha 250k inakuwa kama mtu anayeongea huku kajifunika leso mdomoni.

Lakini desturi sio sheria. Kuna humbaka zilizosukwa waya mchache, kali kiasi kwamba 250k inazifaa sana kwenye daraja, pale mwisho wa nyuzi kwenye mwili wa gitaa. Na kuna singo koili nzito zilizosukwa waya mwingi ambazo zinafunguka vizuri kwa 500k. P90 ambayo ni singo koili kwa maumbile, Gibson wao huiwekea 500k na inapendeza. Gibson hao hao miaka ya 1970 waliweka poti za 300k kwenye magitaa mengi, na wenye magitaa hayo wengi hulalamika kwamba sauti ni ya kiza, wakiweka 500k wanaona kama wamenunua pikapu mpya.

Poti ya 500k ina nguvu zaidi, sivyo?

Hapana. Pikapu ya 6k ikikutana na 250k inapoteza kama asilimia 2 na kidogo ya sauti, ikikutana na 500k inapoteza kama asilimia 1. Hakuna sikio litakalokamata tofauti hio. Unachokiita nguvu ni trebo iliyoongezeka, sikio linaiona kama sauti imesogea mbele.

Nimenunua poti imeandikwa 500k lakini gitaa bado lina kiza. Kwa nini?

Kwa sababu kilichoandikwa sio lazima kiwe ndani. Poti nyingi zinauzwa na ruhusa ya asilimia 20 juu au chini, kwa hivyo 500k halali yaweza kuwa 400k au 600k, na 250k yaweza kuwa 200k au 300k. Angalia hapo, poti mbili mtu anaziita tofauti kabisa na kumbe moja ina 300k na nyingine 400k, wamekaribia kuwa majirani. Nshapima mfuko mmoja wa poti kumi zote za 500k, ya chini ikasoma 391k na ya juu 548k. Nikaziweka mafungu, za juu kwa humbaka nzito, za chini kwa pikapu kali. Hio haikunigharimu chochote ila robo saa.

Kupima ni rahisi. Weka multimita kwenye 2M, gusa miguu miwili ya pembeni, soma. Lakini tafadhali usipime poti ikiwa imeungwa ndani ya gitaa, mita itapita kwenye koili ya pikapu na itakusomea 6k au 8k ukadhani poti imeoza. Lehemua mguu mmoja kwanza.

Na ukienda duka la spea za redio hapa mjini jihadhari, kwa sababu kule zinazokaa kwenye droo ni 10k, 50k na 100k za redio na ampu, na muuzaji akikwambia zote ni sawa anakwambia vile anavyojua yeye. Kwa redio ni sawa. Kwa pikapu ya gitaa isiyo na betri si sawa hata kidogo.

Kwani 25k ni ya nini?

Pikapu za betri. EMG kwa mfano wana ampu ndogo ndani ya pikapu inayotumia betri ya volti 9, na hio ampu ina nguvu ya kusukuma mzigo mdogo wa 25k bila kupoteza trebo.

Mwaka jana kijana mmoja wa Mtopanga aliniletea gitaa la mtumba, jeusi, shingo nzuri iliyonyooka. Amelinunua likiwa na pikapu za betri zilizokufa, fundi fulani akamuuzia humbaka mbili za kawaida akamuungia. Sauti ilikuwa ya ajabu, besi ipo, katikati ipo kidogo, juu hakuna kitu kabisa, hata ukipiga uzi wa kwanza karibu na daraja unasikia kama umepigwa chumba cha pili. Keshabadilisha nyuzi mara mbili, keshabadilisha kebo, alikuwa anajipanga kununua pikapu nyingine. Nikafungua nyuma, nikageuza poti ya kwanza, B25K. Ya pili, B25K. Zile zile za pikapu za betri zilibaki ndani. Nikamwekea 500k mbili na kapasita ya maikrofaradi 0.022, nikamwambia chomeka. Alipiga kodi ya G akanyamaza, akaipiga tena, akaniangalia. Hakusema kitu, akaanza kupiga sebene na hakuacha mpaka adhana ya alasiri.

Kinyume chake pia hutokea, pikapu za betri ukiziwekea 500k mlio hauharibiki sana ila volume inakuwa kama swichi ya taa, yote inatokea kwenye kipande kidogo cha mzunguko.

Herufi A na B zina maana gani?

B inapanda kwa mstari mnyoofu, nusu ya mzunguko ni nusu ya ukinzani. A inapanda polepole mwanzo kisha haraka, katikati ya mzunguko inakuwa kama asilimia 10 mpaka 15 tu. Sikio letu halisikii kwa mstari mnyoofu, kwa hivyo A kwenye volume huonekana inashuka taratibu na B huonekana haifanyi kitu toka 10 mpaka 3 kisha sauti inaporomoka. Toni mie naweka A daima. Volume wengine wanapenda B kwa sababu wanacheza na gita chafu la distoshen na wanataka mabadiliko madogo pale juu, hio ni hiari ya mtu. Mlio ukiwa 10 ni ule ule, A500k na B500k ni mzigo mmoja.

Mbona pikapu ya daraja ya Strat yangu inachoma masikio na zile za katikati ni tamu?

Pikapu zenyewe zinahusika, na mahali zilipokaa, lakini tazama waya. Kwenye Strat ya desturi toni mbili zinashika shingo na katikati, ya daraja haina toni. Yaani daraja imebeba volume tu, 250k moja, wakati shingo inabeba volume na toni, 125k. Ukiweka swichi kati ya shingo na katikati, toni zote mbili zinaingia na volume, poti tatu za 250k sambamba, mzigo unashuka kuwa kama 83k, na hio ni sababu moja ya ule ulaini. Dawa ya daraja ni waya mmoja mfupi tu wa kuiunganisha na toni ya pili. Nimefanya hivyo kwa Strat nyingi na hakuna aliyerudi kutaka iondolewe.

Gitaa la Gibson lenye nobu nne nalo ni vivyo hivyo, swichi ikiwa katikati poti nne za 500k zinakaa sambamba, 125k. Wengi hufikiri ule mlio wa katikati unatokana na pikapu mbili kuchanganyika tu.

Gitaa langu lina humbaka moja kwenye daraja na singo koili mbili. Nifanyeje?

Weka 500k, humbaka ifurahi. Singo koili zikiwa kali mno, lehemu resista ya 470k toka waya wa moto wa hizo singo koili hadi ethi, kabla hazijachanganyika na humbaka kwenye swichi. 500k na 470k sambamba ni kama 242k, singo koili zinaona 250k na humbaka inaona 500k. Kushusha mzigo ni rahisi hivyo, resista ya shilingi chache. Kupandisha hakuna njia ya mkato, ni kubadilisha poti.

Nikishusha volume kidogo trebo inapotea. Ni poti mbovu?

Poti nzima kabisa, ndivyo inavyofanya. Ukishusha, sehemu ya utepe inakaa kati ya pikapu na kebo, na kebo ina kapasitansi yake, hizo mbili pamoja zinachuja trebo. Kwa hapa 500k inapoteza zaidi ya 250k, na watu hawaambiwi hilo wakinunua.

Tiba ni kapasita ndogo ya 0.001 na resista ya 150k zikikaa sambamba, zikalehemiwa kati ya mguu wa kuingilia na mguu wa katikati wa volume. Trebo inapata kichochoro chake. Njia nyingine ni ule uungaji wa miaka ya 1950 wa Gibson, ambapo toni inashikwa kwenye mguu wa kutokea wa volume badala ya wa kuingilia, hapo trebo inabaki zaidi ila toni na volume zinaanza kusumbuana kidogo. Mie mwenyewe napenda huu wa pili. Una uhai.

Na kapasita je, 0.022 au 0.047?

0.022 kwa humbaka, 0.047 kwa singo koili, ndio kawaida. Ukiwa na toni 10 utofauti wake ni mdogo sana, unausikia ukishusha. Kapasita za bei kali za mafuta na karatasi sizipingi, lakini kama ndani una poti ya 391k uliyodhani ni 500k, hela yako ianzie hapo.

Kebo inaingiaje kwenye hadithi hii?

Inaingia sana. Kebo ya kawaida ina kama pikofaradi 100 kwa kila mita. Pikapu ile ile ya henri 2.5 kwa kebo ya mita 3 kilele chake kinakaa karibu na hezi 5,000, ukichomeka kebo ya mita 6 kinashuka karibu na 3,800. Hapo ndipo mtu anapiga mazoezi nyumbani kwa kebo fupi analipenda gitaa lake, siku ya harusi ukumbini anapewa kebo ndefu kutoka jukwaani hadi ampu, anasema gitaa limebadilika. Limebadilika kweli.

Kanisani kwetu gitaa linaingia moja kwa moja kwenye mixa. Ina neno?

Ina neno kubwa, na hili nalisema kwa sababu kumbi na makanisa mengi hapa Mombasa ndivyo yanavyofanya. Mlango wa lain wa mixa mara nyingi ni 10k au 20k hivi. Umetafuta poti ya 500k, umepima, umelehemu, alafu unaibebesha pikapu 10k, kazi yote imezama. Tafuta kitufe kilichoandikwa Hi-Z kwenye mixa, au DI (kisanduku cha kuingiza gitaa kwenye mixa) ya betri yenye mlango wa mega 1, au hata pedali yoyote yenye bafa, kiampu kidogo cha kubeba mzigo, ikae kati. Ikishapita kwenye bafa, mzigo wa mixa haufiki tena kwenye pikapu, na kebo ndefu baada ya hapo haikudhuru.

Poti ya mega 1 inafaa?

Gitaa la Fender Jazzmaster la 1958 lilikuja nazo, kwa hivyo zipo na zina kazi yake. Mlio wake ni mkali na wazi sana. Kwa pikapu yenye kiza inasaidia, kwa Strat itakuwa kama kisu kwenye sahani.

Poti inakwaruza nikizungusha, na mie nakaa karibu na bahari.

Hewa ya chumvi na unyevu haina huruma na chuma. Nimefungua magitaa ya bendi za hoteli za Bamburi na Shanzu nikakuta miguu ya poti ina kijani na jeki imeshika kutu ndani ya mwaka mmoja. Tia dawa ya kusafisha swichi kupitia kile kitundu karibu na miguu, kisha zungusha toka mwanzo hadi mwisho mara ishirini. Usitie mafuta ya cherehani, yanavuta vumbi na utepe unaharibika. Ikikwaruza tena baada ya wiki, utepe umelika, badilisha. Utepe ulolika pia husoma namba tofauti na ile ya mwanzo, kwa hivyo mlio unaweza kuwa umehama taratibu bila wewe kugundua.

Na ukilehemu, piga msasa mgongo wa poti kwanza na utumie chuma chenye joto la kutosha, wati 40 hivi, uguse haraka utoke. Chuma dhaifu unachokishikilia dakika nzima kinaichoma poti kuliko chuma kikali cha sekunde tatu.

Poti ndogo ni mbaya kuliko kubwa?

Kwa mlio hapana, 500k ni 500k. Kubwa inadumu zaidi na inazunguka kwa utulivu, ila pima tundu la gitaa lako kabla hujanunua maana magitaa mengi ya Asia yana tundu dogo.

Napiga rumba na bango, ule muziki wa pwani, nataka sauti safi. Unanishauri nini?

Kwa gitaa la solo linalotakiwa kukata katikati ya saksafoni na kinanda, kilele kisimame. Humbaka na 500k zilizopimwa juu ya 500, au singo koili na 250k zilizopimwa karibu na 280 mpaka 300, kebo fupi, toni wazi. Kwa ridhimu shusha, 250k halisi au hata chini yake, ili usigombane na mwenzako. Nilifanya hivi kwa ndugu wawili wanaopiga pamoja harusini, magitaa yao yalikuwa ya aina moja na kila siku walikuwa wanashindana kupandisha volume. Mmoja nikamwekea 540k, mwingine nikamwongezea resista akafika 230k. Mazoezi ya Jumamosi iliyofuata yule mdogo alinipigia simu, akaiweka karibu na spika bila kusema lolote, nikayasikia magitaa yote mawili, kila moja mahali pake.